Manowari, majahazi na biashara ya watumwa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Kisumu

Nafundisha historia hapa Kisumu. Kila tukifika kwenye biashara ya watumwa ya Bahari Hindi, maswali hayaishi darasani. Yananifuata sokoni, kwenye mikutano ya wazazi, na siku hizi kwa simu kutoka Mumias, Busia na Nakuru. Hapa nimeyakusanya yale yanayorudi zaidi. Majibu mengine ni mafupi kwa kuwa jambo lenyewe ni fupi. Yale yanayowahusu watu waliokombolewa nimeyarefusha kwa makusudi, maana masomo ya shule huwapita mbio yakikimbilia majina ya mabalozi na tarehe za mikataba.

Sisi ni watu wa ziwa. Habari za manowari za baharini zinatuhusu nini?

Anzia kituo cha reli. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu hii, Desemba 1901. Ilipokuwa ikitetewa bungeni London, wakubwa walitoa hoja nyingi: mto Nile, Uganda, ushindani na Wajerumani. Hoja ya utumwa nayo ilikuwamo. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 uliyataka mataifa ya Ulaya yajenge barabara na reli kuelekea bara, ili misafara ya wapagazi iliyosemekana kuilisha biashara ya watumwa ikose kazi. Kwa hiyo vita vilivyoanza kwa kufukuza majahazi baharini vilikuja kutajwa kama sababu mojawapo ya kutandika vyuma hadi Nakuru na baadaye hadi ukingoni mwa ziwa.

Meli ya SS William Mackinnon, iliyoteremshwa majini hapa Kisumu mwaka 1900 baada ya vipande vyake kuletwa kutoka pwani, ilipewa jina la tajiri wa meli aliyeanzisha Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Kampuni hiyo, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilijinadi kama adui wa utumwa.

Na majirani zetu Wanubi wa Kibos wana historia inayogusa jambo hilihili. Asili yao ni askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard, ofisa wa kampuni hiyo, mwaka 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na wengi wa askari hao, au baba zao, waliingia jeshini wakiwa mateka. Utumwa haukuwa wa pwani peke yake.

Je, watu wa magharibi mwa Kenya waliuzwa utumwani?

Wapo waliouzwa, hasa nyakati za njaa na vita, na misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipiga kambi kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, kule Mumias kabla msafiri Mskoti Joseph Thomson hajafika huko mwaka 1883. Lakini tusikuze jambo. Njia ya kaskazini iliyopita nchi ya Wamaasai ilikuwa ya pembe za ndovu zaidi kuliko ya watu. Wengi waliofikishwa Unguja walitoka kusini, pande za Ziwa Nyasa na nyuma ya Kilwa: Wayao, Wangindo, Wanyasa, Wamakua. Kwenye ziwa letu hili, njia iliyojulikana ni ya mitumbwi ya Buganda iliyovusha mateka hadi Kagei, upande wa Mwanza, ambako wafanyabiashara walikuwa wakiwangojea.

Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba Kisumu ilikuwa soko kubwa la watumwa, namwomba asiandike hivyo. Kuwaheshimu walioteseka ni pamoja na kutowazulia mateso.

Uingereza ilianza lini kuzuia biashara hii baharini?

Sheria ya kuwakataza Waingereza wenyewe ilipitishwa 1807, baada ya meli zao kupakia Waafrika zaidi ya milioni 3 kuwavusha Atlantiki. Mwaka uliofuata kikosi cha manowari kilipelekwa Afrika Magharibi. Kwa muda wa nusu karne na zaidi kikosi hicho kilikamata meli kama 1,600 na kuwatoa watu wapatao 150,000, wengi wakateremshwa Freetown, Sierra Leone.

Upande wetu mambo yalikwenda polepole, kwa mikataba. Mwaka 1822 Kapteni Moresby alimfanya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, atie sahihi mkataba wa kutowauzia Wakristo watumwa. Kisha Kapteni Owen, aliyekuwa akipima pwani kwa ajili ya ramani, aliipandisha bendera ya Uingereza Mombasa mwaka 1824 kwa ombi la Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, akitumaini kuikomesha biashara hapo. Serikali yake ilimkana, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Jina la Port Reitz kule Mombasa limebaki tangu siku hizo, la luteni aliyeachwa kuusimamia mji. Mkataba wa Hamerton wa 1845 ulikataza kupeleka watumwa Uarabuni, lakini ukaruhusu kuwasafirisha kati ya Kilwa na Lamu.

Shikeni sana hicho kipengele cha Kilwa na Lamu. Ndicho kilichoivuruga kazi ya manowari kwa karibu miaka 30. Jahazi lililojaa watu lingeweza kuwa halali mchana karibu na Lamu, na kuwa haramu usiku huohuo likishaupita mji.

Maharamia na wafanyabiashara ya watumwa walikuwa watu wamoja?

Kwa sheria za Waingereza, walifanywa kuwa wamoja. Mwaka 1819 manowari zao pamoja na za Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, zilishambulia Ras al-Khaimah, bandari ya Ghuba ya Uajemi, kwa madai kwamba Waqawasim wa huko ni maharamia. Mkataba wa 1820 uliofuata ulikuwa na kipengele kisemacho kwamba kuwachukua watu kutoka pwani za Afrika na kuwasafirisha kwa vyombo ni uporaji na uharamia. Mwaka 1824 bunge la London nalo likatunga sheria ya namna hiyo kwa raia wake, na adhabu ikawa kifo.

Ila tutazame nani alikuwa akimpa nani jina. Waqawasim walikuwa mabaharia na wafanyabiashara walioshindana na Waingereza na Waomani, na mtawala wa sasa wa Sharjah, ambaye ni mwanahistoria wa ukoo huohuo, amepinga kwa maandishi sifa hiyo ya uharamia. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Uharamia ulikuwapo, hilo halina ubishi. Wasakalava wa Madagaska walivuka kwa mitumbwi yao na kuuangamiza mji wa Kua, visiwani Mafia, mwanzoni mwa karne ya 19, wakateka watu. Lakini neno «haramia» lilipotamkwa na mwenye mizinga mikubwa, lilimpa pia ruhusa ya kupiga.

Jahazi lilikamatwaje hasa?

Manowari yenyewe mara nyingi haikukamata kitu. Ilikuwa nzito, ikihofia miamba, na moshi wake ulionekana mbali. Kazi ilifanywa na mashua zake. Mabaharia wachache waliteremshwa na maji, biskuti ngumu, bunduki na mkalimani, wakakaa nje wiki nzima au zaidi wakijificha nyuma ya visiwa vidogo vya Pemba, juani mchana na umandeni usiku. Wengi walikufa kwa homa. Makaburi ya baadhi yao yapo kisiwani Chapwani, mbele ya mji wa Unguja.

Pepo ndizo zilizopanga ratiba. Kusi, upepo wa kusini, ikianza kuvuma, majahazi yaliyokuja na kaskazi, upepo wa kaskazini, hugeuza omo kuelekea Uarabuni, na hapo ndipo manowari zilipotanda kwenye pwani ya Wasomali na ya Oman kuyangoja. Jahazi likionekana, mashua hulikata mbele na kupiga risasi moja ya onyo: foromali, yaani mti unaobeba tanga, ishushwe. Nahodha mwenye upepo mzuri hakushusha kitu, kwani tanga lake lilikuwa na mbio kuliko makasia. Akibanwa, alikuwa na hila moja ya kutisha, nayo ni kulielekeza jahazi ufuoni na kulipandisha kwenye mawimbi. Walioweza kukimbia walikimbizwa msituni na kushikwa tena. Wasioweza, hasa watoto, walizama hapohapo mbele ya macho ya waliokuja kuwaokoa.

Aliyepanda jahazi lililokamatwa alikuta watu wamekalishwa magoti kidevuni, safu juu ya safu, kwenye vitanda vya fito. Maji na nafaka vilikuwa haba. Ndui ikiingia, iliwapitia wote.

Wengine walijikinga kwa bendera. Majahazi mengi, hasa ya Sur kule Oman, yalipata hati na bendera ya Ufaransa, na Ufaransa haikukubali vyombo vyake vipekuliwe na Waingereza. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London alilisogelea jahazi la namna hiyo karibu na Pemba ili kutazama hati tu. Wenye jahazi wakafyatua risasi na kumwua. Mgogoro wa bendera hizo ulifika mahakama ya The Hague mwaka 1905.

Kwa hiyo walifaulu?

Kamati ya bunge la Uingereza iliyokaa mwaka 1871 ilijibu yenyewe. Katika miaka ya 1867, 1868 na 1869 yalikamatwa majahazi 116 yenye watumwa 2,645. Katika miaka hiyohiyo kamati ilikadiria kwamba watumwa 37,000 walipita bila kukamatwa. Yaani katika kila watu 15 hivi, mmoja ndiye aliyefikiwa.

Kwa huyo mmoja, tofauti ilikuwa kubwa kuliko hesabu yoyote, na sipendi kusikia mtu akiifanya ndogo. Lakini doria peke yake haikuweza kuimaliza biashara ambayo ndani yake kulikuwa na mashamba ya mikarafuu, wakopeshaji fedha, masultani na wanunuzi wa nje, wakiwamo Wazungu waliokunywa chai kwa sukari ya Réunion.

Ni kweli mabaharia walilipwa kwa kila mtumwa?

Kweli. Serikali ilitoa zawadi ya pauni 5 kwa kila mtu aliyetolewa, pamoja na malipo kwa ukubwa wa chombo. Jahazi likikamatwa mara nyingi lilionekana bovu, haliwezi kuvutwa hadi bandarini kwenye mahakama. Basi maofisa walitoa kamba, wakalipima urefu na upana hapohapo, wakaandika vipimo, wakalitia moto. Ushahidi uliobaki ni ile karatasi.

Hapo dhuluma iliingia. Vyombo vya wafanyabiashara halali vilichomwa, na nahodha akabaki na malalamiko bila jahazi. Mabaharia wengi wa majahazi walikuwa wenyewe ni watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakipokea sehemu ya ujira. Je, jahazi la namna hiyo ni la watumwa? Ofisa asiyejua Kiswahili wala Kiarabu alimtegemea mkalimani, na mkalimani naye alikuwa na fungu lake katika zawadi au kisasi chake moyoni. Mtu wa Lamu au Ngazija aliyeona mali ya babu yake ikiteketea hakuwa na sababu ya kuuita ule ni ukombozi.

Kulikuwa na Waafrika ndani ya manowari?

Wengi, na wamesahauliwa. Waliitwa Masidi, wakiandikishwa Unguja, Aden, Bombay na Shelisheli. Walichochea makaa kwenye tanuri ambako joto liliwaangusha Wazungu, walipiga makasia, walitafsiri, walikwea kamba. Baadhi yao walikuwa wametolewa wenyewe kwenye majahazi utotoni. Kulikuwa pia na Wakru kutoka pwani ya Liberia. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao Waingereza, na kwenye picha za wakati ule wamesimama pembeni. Ukisoma kwamba «Waingereza walilikamata jahazi», jua kwamba kwenye ile mashua walikuwamo pia vijana wa Kiyao na wa Kiswahili wenye bunduki mikononi.

Nini kilifunga soko la Unguja?

Sultani Barghash alikataa mara ya kwanza, alipojiwa na Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, mwanzoni mwa 1873. Hakuwa katika hali ya kukubali: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vyake. Kisha Dkt. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, akamfahamisha kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 alitia sahihi. Soko likafungwa, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pake.

Wauzaji walihamia nchi kavu. Misafara ilipanda kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na ofisa mmoja wa Kiingereza alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita katika muda wa mwezi mmoja hivi. Na kwa kuwa mikarafuu ya Pemba ilikuwa imesalimika na kile kimbunga, watu walivushwa usiku kutoka mrima, yaani pwani ya bara, hadi Pemba, safari ya saa chache tu. Ndiyo sababu manowari kuukuu iitwayo London ilitiwa nanga Unguja tangu 1874 kama kituo cha mashua za doria. Barghash alikataza misafara ya nchi kavu mwaka 1876.

Waliokombolewa walipelekwa wapi?

Hili ndilo swali ninalotaka kuulizwa kila siku, maana hapa ndipo sifa ya ukombozi inapopimwa.

Hawakurudishwa kwao. Kijiji kilikuwa kimechomwa, njia ilikuwa ya miezi, na waliowateka walikuwa bado wako njiani. Hilo naelewa. Nisiloweza kulikubali kwa moyo mweupe ni kwamba waligawanywa kufuatana na mahitaji ya makoloni. Zaidi ya 2,000 waliteremshwa Shelisheli katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa 1870, na kufungishwa mikataba ya kazi mashambani. Wengine walipelekwa Aden, wengine Natal, ambako wazao wao wa Durban waliitwa Wazanzibari. Watoto wa Kioromo waliotolewa kwenye majahazi na manowari ya Osprey mwaka 1888 walijikuta kwenye shule ya misheni ya Lovedale, Afrika Kusini. Mtoto aliyeondoka nyumbani akiwa analia kwa lugha moja alizeeka akiwa anasali kwa lugha ya nne.

Waliopelekwa Bombay, India, na wengine kusomeshwa kwenye misheni ya Nasik kulekule, walijifunza useremala, uhunzi, uchapishaji na Kiingereza. Mmoja wao, Jacob Wainwright, Myao, alikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani, na mwaka 1874 alisimama kwenye mazishi yake Westminster Abbey.

Mwaka 1875 Chama cha Kimisionari cha CMS kilinunua ardhi ng'ambo ya Mombasa na kuanzisha Freretown, makazi ya waliokombolewa. Ukiwa Mombasa, vuka daraja la Nyali kwa matatu na ushuke Kengeleni: kengele ipo pale, njia panda. Wenyeji husema iliwekwa ili ipigwe wauzaji wa watumwa wakionekana. Waafrika waliotoka Bombay walifundisha na kuhubiri huko, na kwa muda mrefu ndio waliokuwa na elimu kubwa kuliko yeyote katika pwani ya Kenya. Lakini Freretown ilikuwa na amri kali, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 uchunguzi ulifanywa juu ya viboko walivyochapwa wakazi wake. Aliyetolewa chini ya kiboko cha nahodha alikutana na kiboko cha msimamizi wa misheni.

Wapo waliojikomboa bila manowari yoyote. Watoro walitoroka mashamba ya Malindi, Mambrui na Takaungu, wakajenga makazi yao kama Fuladoyo, au wakakimbilia misheni ya Rabai. Mabwana zao walipotishia kuja na silaha, kampuni ya Mackinnon iliwalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Walizipata kwa sababu walithubutu kwanza kukimbia.

Utumwa uliisha mwaka 1873, basi?

Hapana. Biashara ya baharini ndiyo iliyopigwa marufuku. Hali ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Na fidia ilikwenda kwa wenye watumwa, kama ilivyokuwa mwaka 1833 Uingereza ilipotenga pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa katika makoloni yake. Aliyefanya kazi bure hakulipwa.

Je, yote hayo yalikuwa kisingizio cha kututawala?

Wanaharakati wa kupinga utumwa walikuwa wa kweli, na mabaharia waliokufa kwa homa Pemba hawakufa kwa kuigiza. Lakini serikali zilijifunza upesi kwamba neno «utumwa» hufungua milango. Kuanzia mwishoni mwa 1888 Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani yetu kwa manowari wakisema wanazuia watumwa na silaha. Wakati huohuo Wajerumani walikuwa wakipigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, ambaye walimnyonga Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na Agosti 1896 manowari za jeshi lilelile lililofukuza majahazi zililipiga mizinga jumba la Sultani kwa muda wa dakika 40 hivi na kumwondoa mtawala wasiyemtaka. Kisha reli ikapanda huku kwetu, na pamoja nayo kodi ya kibanda na kazi za lazima. Wazee wetu wa Nyanza waliobebeshwa mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia walibebeshwa na serikali iliyojiita mkombozi wa wapagazi.

Kulikuwa na manowari za kupambana na watumwa kwenye Ziwa Victoria?

Hapana. Ziwa Nyasa ndilo lililopata vyombo vya kivita kwa kazi hiyo katika miaka ya 1890. Meli za Kisumu zilibeba abiria, barua na mizigo.

Bibi yetu husema tunatokana na watu waliotolewa kwenye jahazi. Nianzie wapi?

Anza na bibi, leo, kabla ya jalada lolote. Usimwulize «tulikuwa watumwa?» kwa sababu wazee wengi wamelificha jambo hilo ili wajukuu wasidharauliwe, naye atanyamaza. Mwulize nani alibatizwa wapi, nani aliitwa jina gani kabla ya kubatizwa au kusilimu, nyimbo alizoimbiwa zilikuwa za lugha gani, na jamaa walikuja huku na kazi gani: reli, ukalimani, ualimu, uaskari. Mrekodi akikubali.

Kisha yafuate majina hayo. Vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Freretown na Rabai ni mahali pazuri. Rabai pana makumbusho pia. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Nairobi, na ya Zanzibar iko Unguja. Kule Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, majalada ya biashara ya watumwa yamewekwa chini ya alama FO 84, na daftari za safari za manowari chini ya ADM 53. Ukijua jina la manowari na mwaka, unaweza kufika hadi siku ambayo jahazi lilisimamishwa. Mara nyingi utakuta wameandika «wanaume 12, wanawake 9, watoto 30» bila jina hata moja, na hapo ndipo yale aliyokwambia bibi yatakapohitajika. Ukiyapata, niletee nakala. Nina wanafunzi wanaoyangoja.